Duka la zipu na nyuzi Sam Nujoma: Babu hajafunga, yuko nyuma ya mabati

Naanza na hili kabla sijasema lolote la bei wala huduma. Lile duka la vifaa vya kushonea pale Mwenge, Dar es Salaam, barabara ya Sam Nujoma upande wa Sinza, la yule mzee ambae mafundi wote tunamwita Babu, HALIJAFUNGWA. Narudia, halijafungwa. Ndani ya mwezi mmoja nimeulizwa na mafundi wanne "eti Babu kafunga?" na mmoja akaniambia kwa uhakika kabisa kwamba mzee kahamishia kila kitu Mbagala kwa mwanae. Na siwalaumu, maana hata mi walipoweka uzio wa mabati wa ujenzi wa barabara nilipita pale na boda mara mbili, nikaangalia nikaona mlango umerudishwa na zile ribini alizokuwa anazining'iniza nje hazipo, nikasema basi, na huyu nae kaondoka. Nikaenda zangu Kariakoo roho inaniuma. Siku ya tatu ndo nikaona ngoja nipige simu nijue hata kahamia wapi, akapokea mwenyewe: "Tupo mwanangu, mbona unapita husalimii? Sukuma mlango uingie." Kumbe alikuwa ananiona kwenye upenyo wa mabati napita na bodaboda.

Mi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani Sinza, kazi zangu nyingi ni magauni ya kichen pati na sendofu, sare za vikundi vya akina mama, na kupunguza nguo za watu waliokonda au kuachia za walionenepa. Kwa Babu nimeanza kwenda 2013, kwa hiyo ninachoandika hapa si cha kuingia mara moja na kutoka.

Duka lenyewe ni fremu moja nyembamba, ukinyoosha mikono yako miwili unakaribia kugusa kuta zote. Mbele kuna kaunta ya mbao yenye kioo, nyuma yake droo ndogondogo mpaka karibu na dari, na kila droo mbele kashonea mfano wa kilichomo ndani, kifungo, kipande cha lastiki, kijino cha zipu, hivyo hata asiyejua kusoma ananyoosha kidole tu anapewa. Ana zipu za gauni, za suruali, zile za kuficha, za mabegi, na zile za foronya za makochi anazokata kwa mita. Ana vifungo vya shati, vya koti, na vile vya kuvalisha kitambaa ambavyo anakuvalishia mwenyewe pale pale ukimpa mabaki ya nguo yako. Bitana, gamu laini na gamu ngumu za kukazia kola na mikanda ya nguo, sponji za mabega, lesi, chaki, futi, mikasi. Upande wa mashine ana sindano za namba zote, bobini na nyumba zake, mikanda ya cherehani za mguu, mafuta, guu la kushonea zipu, na vile viskrubu vidogo ambavyo ukikipoteza kimoja mashine nzima inalala.

Na anauza moja moja. Hili watu wasiofanya kazi yetu hawawezi kujua lina uzito gani. Kariakoo rejareja ipo lakini yale maduka yenye bei nzuri yanataka dazeni, sasa mi mteja kaniletea kitambaa cha rangi ya ugoro, zipu kumi na moja zitakazobaki nitazipeleka wapi, hiyo rangi nitakutana nayo tena lini? Kwa Babu nanunua moja, jero (mia tano), naondoka. Zile za kuficha mara ya mwisho nilichukua kwa mia nane. Kariakoo unaipata pungufu ya hapo kwa mia moja au mia mbili, sitadanganya, ila piga nauli ya kwenda na kurudi, piga nusu siku yako, piga na kusukumana mitaa ya Kongo na Msimbazi, afu uniambie umeokoa nini kwa zipu moja.

Kuoanisha rangi ndo ufundi wake. Hauzi uzi kwa kukisia. Unampa kipande cha kitambaa, anatoa nyuzi tatu nne zinazofanana, anatoka nazo mlangoni kwenye mwanga wa jua, maana anasema taa ya dukani inadanganya macho, na kweli mi nimeshawahi kushona gauni la rangi ya damu ya mzee kwa uzi niliouchagua chini ya taa kwenye duka jingine, kufika nje mishono yote inaonekana kama imechorwa na kalamu. Sasa hivi mabati yamemkatia ule mwanga wa mlangoni. Anachofanya anavuka ubao uliowekwa juu ya mtaro mpya wa barabara, anatoka mpaka nje ya uzio, mzee wa umri ule, anasimama kwenye vumbi na nyuzi zake mkononi anageuzageuza, afu anarudi na ule mmoja sahihi. Kwa uzi wa bei ile. Nilimwambia Babu usihangaike nitatoka nao mwenyewe, akakataa, akasema wewe macho yako yameshapenda uliouona wa kwanza.

Kuna habari ya mashine pia. Mwaka juzi nilikuwa na sare za sendofu, magauni kumi na nne, yanatakiwa Ijumaa, Jumatano usiku cherehani yangu ya Butterfly ikaanza kuruka nyuzi. Inashona hatua tatu inaruka, inashona mbili inakata uzi. Nikabadilisha uzi, nikafungua sahani nikasafisha, nikakaza, nikalegeza, hakuna kitu. Nikampigia fundi mmoja wa mashine akaniambia huo ni mzunguko umepotea, nilete na elfu arobaini na niiache siku tatu. Alhamisi asubuhi nikafunga kichwa cha cherehani kwenye kanga nikapanda bajaji mpaka kwa Babu, nimeshaanza kulia njiani. Hakuigusa bisibisi. Alinamisha miwani akaangalia sindano, akauliza "hii umenunua wapi?" kumbe ile pakiti niliyonunua kwa mchuuzi ilikuwa sindano za shina jingine, fupi kidogo tu, kwa macho huoni. Akaweka yake, akashona kipande cha kitambaa mbele yangu mbele na nyuma, akatia mafuta, akaniambia nenda kamalize kazi ya watu. Alinidai jero ya sindano. Nilitaka kumwachia elfu tano akasema mi nimekuuzia sindano, matengenezo sijafanya. Ijumaa saa nne asubuhi sare zilikuwa zimeshapigwa pasi.

Kama ni matengenezo kweli anatoza, serevisi nzima mara ya mwisho nililipa elfu kumi na tano, na anakuonyesha kila kitu alichotoa, kilichoisha anakiweka kwenye kiganja chako.

Sasa mstari wenyewe wa maduka. Nilipoanza kwenda palikuwa na fremu kumi na moja zote zimefunguliwa. Juzi nimesimama nikahesabu, zilizo wazi ni nne: Babu, duka la dawa, wakala wa miamala ya simu, na jamaa wa vioo na fremu za picha. Zingine zimefungwa na makufuli yameshaota kutu, mbili zimeandikwa namba ya dalali kwa rangi nyekundu ukutani.

Palikuwa na dada wa steshenari, anafotokopi na kuprinti, wateja wake walikuwa wanafunzi wa chuo wanaovuka kutoka upande wa pili. Palipowekwa vizuizi kuvuka ikawa safari, unatembea mbali kutafuta pa kupenya, nani atazunguka hivyo kwa kurasa mbili za fotokopi. Palikuwa na mama wa vitenge, huyu ndo aliyeniuma zaidi kwa sababu mi na yeye tulikuwa tunapeana wateja, akiuza doti ananipa namba ya mteja, na mi anayekuja hana kitambaa namwelekeza kwake. Amefunga fremu, sasa anauza kwa picha za status na mzigo ameweka sebuleni kwake Kimara. Anauza, ndiyo, ila wateja wake sasa ni wale wale waliokuwa na namba yake. Mpita njia aliyekuwa anavutwa na rangi mlangoni hayupo tena. Palikuwa na kijana wa viatu vya mtumba vya kuchagua, fundi simu, saluni ya kusuka, na mama lishe kwenye kibanda cha pembeni ambae wote wale walikuwa wanakula kwake. Fremu zilipofungwa na yeye akakosa wa kumpikia.

Hakuna fremu hata moja pale iliyoguswa na tingatinga. Hili watu wengi hawalielewi, wanadhani duka linakufa likibomolewa. Hii ni barabara ya mwendokasi, yale mabasi yaendayo haraka, awamu ya nne inajengwa, ile inayotoka katikati ya mji inapita Ali Hassan Mwinyi na Bagamoyo mpaka Tegeta, na hili tawi la Mwenge kwenda Ubungo ndo linapita mbele ya Babu, zote pamoja kilomita 30.1. Majengo yao yako nje ya hifadhi ya barabara kwa hiyo hayakuwekwa alama ya X na hayakubomolewa, na kwa kuwa hayakubomolewa hakuna wa kumlipa mtu chochote. Kilichotokea ni hivi. Kwanza pale mbele magari yalipokuwa yanaegesha pakachimbwa. Gari ikikosa pa kusimama mwenye gari anasema nitapita kesho. Pili mtaro mpya ukapita kati ya barabara na milango, wakaachiwa shimo, wapangaji wakachanga wenyewe wakanunua mbao za kuvukia, na mvua za masika mteja mmoja aliteleza pale akatumbukia mguu mpaka gotini, bahati hakuvunjika. Tatu vumbi. Nne, siku kadhaa umeme na maji vinakatika kwa sababu nguzo na mabomba vinahamishwa. Ukichukua kimoja kimoja unasema kinavumilika. Vikija vinne pamoja kwa miezi na miezi, na kodi ya fremu umeshalipa miezi sita mbele kama ilivyo desturi yetu hapa mjini, huwezi kuhama kwa sababu hela iko kwa mwenye nyumba na huwezi kuuza kwa sababu mteja hafiki. Miezi sita ikiisha unaombwa mingine sita na mtaji umeshaula. Hapo ndo wengi walipofunga. Dada wa steshenari aliniambia mwenye nyumba wake hakupunguza hata mia, hoja yake ni kwamba barabara ikiisha fremu hizi zitakuwa dhahabu. Huenda kweli. Ila yeye hatakuwepo.

Na kwa Babu hii ni mara ya tatu. Ya kwanza ilikuwa 2014 stendi ya daladala ya Mwenge ilipohamishiwa Makumbusho. Wakati ule Mwenge ilikuwa watu wanabadilisha magari pale, wa Tegeta, wa Kawe, wa Ubungo, wa Posta, na mtu anayesubiri gari ndo mteja wa duka dogo, anaangaza angaza anakumbuka kumbe nyumbani kuna suruali ya mtoto imekufa zipu. Mi nakumbuka mwaka ule mlangoni kwake pakawa peupe ghafla. Ya pili Februari 2021, mabasi ya mikoani yalipotoka Ubungo kwenda Mbezi Luis. Babu alikuwa na mafundi wake wa Chalinze na Morogoro wanashuka Ubungo, wanapanda daladala moja mpaka kwake, wanachukua mzigo wa mwezi na kutengenezewa mashine, wanarudi na basi la jioni. Ilipokuwa Mbezi wengine wakaendelea, wengine wakasema mbali, wakaacha. Mara zote mbili alipona kwa sababu sisi wa karibu, Sinza, Makongo, Mwananyamala, tulibaki. Sasa hii ya tatu imemkatia wa karibu.

Mtu asinielewe vibaya, siipingi barabara. Mi nimekaa kwenye foleni ya Mwenge kwenda Ubungo saa nzima na robo na kitambaa cha mteja mapajani, najua shida yake. Na mwendokasi ya Morogoro Road naipanda, Kimara mpaka Kivukoni kwa muda ule zamani ungekuwa bado uko Magomeni. Lakini ile ile ya Morogoro Road ndo imenifundisha cha kuogopa. Shangazi yangu alikuwa na duka la vyombo Manzese karibu na Tip Top, masufuria, ndoo, vijiko, vikombe vya udongo. Ujenzi ulivyoanza 2012 akavumilia vumbi miaka hiyo yote, anasema ikiisha tutauza. Mabasi yakaanza Mei 2016. Daladala zikatolewa kwenye njia ile. Sasa daladala, kwa ubaya wake wote, konda alikuwa anakushusha popote unapogonga bati, na shangazi alikuwa na wateja wa kushuka mlangoni kabisa, mtu anaona ndoo nyekundu anasema "shusha hapo". Mwendokasi inasimama kituoni tu, kituo kiko katikati ya barabara, unatoka kwa kivuko kimoja. Abiria wote wale wakawa wanampita shangazi kwenye vioo, wanaona ndoo zake, hawawezi kushuka. Alifunga 2017. Ila duka lililokuwa mita chache tu kutoka pale kivuko kinapotokea, wale walipanuka, wakaongeza friji, wakaweka chipsi na vocha. Umbali kati ya aliyepona na aliyekufa hata dakika mbili za kutembea haufiki.

Kwa hiyo mi nikipita Sam Nujoma siku hizi siangalii lami imefika wapi. Naangalia kivuko cha waenda kwa miguu kitachorwa wapi, na kama ule ukingo wa zege wa katikati utaachiwa nafasi ya watu wa ng'ambo kuja upande huu. Ningeomba wanaosimamia, hata kabla barabara haijaisha, waweke vivuko vya kueleweka juu ya mtaro, vyenye mkono wa kushika, na kibao kimoja tu kwenye yale mabati kinachosema maduka nyuma ya hapa yako wazi. Ni rangi na brashi tu. Jamaa wa vioo aliandika mwenyewe kwa chaki mvua ikafuta, akaandika tena kwa rangi, bati likabadilishwa.

Turudi dukani maana kuna mapungufu na lazima niyaseme, yeye mwenyewe aliniambia andika yote.

Mzigo umepungua. Zamani ukikosa kitu kwa Babu ujue hakipo mjini, sasa hivi rangi kadhaa za nyuzi hazipo, gamu ngumu iliisha ikakaa wiki tatu bila kuletwa, na bitana amebakiza nyeusi, nyeupe, bluu na ya maziwa. Sababu anasema wazi kwamba mtaji wa kuagiza kwa wingi hauko, anafuata mzigo Kariakoo kidogo kidogo kila akipata. Kwa hiyo kama una kazi kubwa mpigie kwanza, mtajie unachotaka, usifike ukakosa ukamlaumu.

Vitu vyeupe viangalie. Vumbi limeingia mpaka kwenye droo, nilichukua zipu nyeupe mbili za gauni la komunyo zikawa na mstari wa kijivu kwenye kitambaa chake. Nilirudisha akabadilisha bila neno, na toka hapo vyeupe vyote kavifunga kwenye mifuko ya plastiki, lakini fungua uangalie hapo hapo kaunta.

Si wa haraka. Kama una haraka utateseka, maana anahudumia mmoja mpaka aishe, na kama mteja ni binti anayejifunza kushona atakaa nae robo saa kumwonyesha kuweka zipu ya kuficha, na wewe unasubiri. Mi zamani ilikuwa inanikera. Siku hizi najua nusu ya mafundi wa Sinza tumefundishwa vitu vidogo vidogo pale kaunta bure kabisa, na mi ni mmojawapo, kuvalisha kifungo kitambaa nilijifunza kwake.

Malipo sasa yako sawa, ameweka lipa namba, binti yake ndo anaisimamia, zamani ilikuwa keshi tu na chenji ya kutafuta kwa jirani. Risiti anatoa. Choo hakuna. Pa kuegesha gari sasa hivi hakuna kabisa, usijidanganye.

Kwenye kurudisha vitu ni muungwana ila zipu ukishaikata au kuishona haipokei, na hilo ni haki yake.

Nampa nyota nne kwa tano. Ya tano nimeibana kwa ajili ya upungufu wa mzigo, na siku gamu ngumu na rangi za bitana zikirudi nitaiongeza mwenyewe. Kwa ufundi na uaminifu hana mpinzani kwenye njia hii yote. Pale ng'ambo kuna Mlimani City tunaipenda, toka 2006 ipo, unapata simu, unapata sinema, unapata nguo zilizoshonwa tayari, lakini ukiingia kuulizia bobini ya cherehani au kifungo kimoja cha koti la baba yako utazunguka mpaka miguu iume. Hivyo vinauzwa na watu kama Babu, kwenye fremu kama ile.

Kufika kwa sasa ni hivi. Ukitokea Mwenge kwenda Ubungo duka liko mkono wako wa kushoto, kabla hujafika usawa wa Mlimani City. Usishukie barabarani ukaanza kutafuta pa kupenya kwenye mabati, utazunguka utachoka. Mwambie boda au bajaji apite mitaa ya ndani ya Sinza akuletee kwa nyuma, kuna kichochoro kinatokea ubavuni mwa duka la dawa, hicho hakina mtaro, hata mwenye mtoto mgongoni au kichwa cha cherehani mkononi anapita bila shida. Ukitokea Ubungo na daladala, shuka uvuke pale penye watu wanaoongoza magari, usikatishe kati ya mitambo, nimeona watu wanafanya hivyo na moyo unaniruka. Wakati wa mvua njoo na viatu vya kufunga.

Anafungua saa mbili asubuhi, anafunga saa kumi na mbili jioni, Ijumaa mchana anatoka kwenda kuswali kwa hiyo saa sita na nusu mpaka saa nane utamkuta binti yake, nae anajua nyuzi vizuri ila mashine msubiri baba yake. Jumapili hafungui. Taa ya nje haiwaki, usiitumie kama alama. Mlango utaukuta umerudishwa, karibu wote, ni kwa ajili ya vumbi lisiingie kwenye nyuzi. Sukuma uingie.